Kuchafua Hurricane ya plastiki nikiwa Nakuru

Mtu akiingia kwangu hapa Free Area aone kabati ya ndege za plastiki ninazounganisha, swali huwa ni lile lile, mbona hii umeichafua hivi na ilikuwa mpya? Nikimwambia hiyo kazi ya kuchafua ndio ilikula muda kuliko kuunganisha na kupaka rangi vikiwekwa pamoja, anacheka. Lakini ndege ya vita ikiwa safi kabisa, rangi imelala sawa kutoka pua mpaka mkia, inakaa kama zile za kuning'inizwa kwa kitanda cha mtoto. Uchafu ndio unaambia macho kwamba hii kitu ni ya tani kadhaa, iliwahi kuachwa nje kwa jua na kuna jamaa aliipanda na buti zenye matope.

Hii ninayotaka kuongelea ni Hawker Hurricane Mk I, ndege ya kivita ya Waingereza, skeli ya 1/72, boksi ya vipande vya kuunganisha ya Airfix ambayo binamu yangu alinibebea akitoka Uingereza. Niliitaka kwa sababu moja tu, Hurricane ziliruka hapa kwetu. Mwaka 1940 Waitaliano walikuwa wamekaa Ethiopia na Somalia, na jeshi la anga la Afrika Kusini likaleta ndege zake Kenya, Hurricane zikiwemo, skwadroni namba 3 ikiwa mojawapo iliyozitumia. Mapema 1941 majeshi yakavuka mto Juba, Mogadishu ikachukuliwa tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Sasa hizo tarehe si za kujaza maneno hapa, zina maana kwa brashi. Zinakuambia hiyo kampeni ilikuwa ya miezi, si ya miaka, kwa hivyo ndege yako inafaa ionekane imechomwa na jua na kupigwa na vumbi la viwanja vya udongo, lakini isionekane mkweche wa kutupwa. Watu wengi hupitia hapo juu juu. Wanajifunza mbinu kumi za kuchafua na wanaziweka zote kumi kwa ndege moja.

Kitu kilichonifungua macho si video hata. Kuna mzee fundi wa spray ya magari, gereji yake ni ya mabati tu karibu na barabara, nilikuwa naenda kwake kuomba hewa ya kompresa kabla sijapata kangu kadogo (haka kangu ni kale ka wale wa kupamba keki, na kanafanya kazi poa sana, msidharau watu wa keki). Siku moja akaniuliza, "Kijana, hiyo rangi imebanduka hapo kwa bawa, nani aliibandua?" Mimi nikasema ni kuzeeka tu mzee. Akatikisa kichwa. "Rangi haibanduki yenyewe. Kuna mkono, kuna buti, kuna jiwe, ama kuna maji yameingia. Niambie ni gani." Alikuwa ananiongelea kama mtu wa insurance anayekagua gari iliyogongwa. Tangu hapo kila doa ninaloweka lazima nijue lilitoka wapi, na kama sijui, siliweki.

Na kuanza hivyo tu tayari Hurricane inakulazimisha ujue imejengwa aje. Hii ndege ni nusu chuma nusu kitambaa. Mbele, pande za injini, ni bamba za chuma. Kuanzia kokpiti kurudi nyuma ni kitambaa cha kitani kimevutwa juu ya mbavu za mbao na kupakwa dopu mpaka kikakaza, ndio maana ukiangalia modeli unaona ile mistari mirefu ya mbavu ubavuni. Mabawa ya zile za kwanza kabisa yalikuwa ya kitambaa pia, baadaye yakawa ya chuma. Haya, niambie, kitambaa kinabanduka rangi kionyeshe silva ya chuma? Hakiwezi. Lakini ingia uone modeli za watu, mtu amedondoa silva mpaka kwa usukani wa mkia! Silva inakaa mbele tu, kando ya vifuniko vya injini ambavyo mafundi walikuwa wanafungua na kufunga kila saa na bisibisi mkononi, na kwa bawa la chuma pale karibu na mwili. Nyuma kwa kitambaa unaweka kufifia, viraka vya rangi mpya kidogo pale palipotoboka wakashona, vumbi, basi.

Propela pia ni mtego. Kuna za de Havilland zenye mapanga ya chuma na kuna Rotol zenye mapanga ya mbao. Ukiwa na la mbao halafu umeweka silva kwa ncha, umemdanganya anayejua. Angalia kwanza boksi yako imekupa gani.

Halafu kuna hesabu ya skeli, hii ni ya darasa la sita lakini ndio inaokoa kazi. Kwa 1/72, milimita moja ya modeli ni sentimita 7.2 za ndege halisi. Yaani kadoa kamoja ka milimita moja unakoona kadogo, kwa ndege halisi ni bapa la rangi limetoka la upana wa kiganja. Weka hayo ishirini kwa bawa na hiyo ndege isingeruhusiwa kupaa. Bawa lote la Hurricane ni mita 12.19 kutoka ncha mpaka ncha, kwa modeli ni kama sentimita 17, penseli mpya tu. Kwa hivyo madoa ya kubanduka mimi naweka na kipande cha sponji ya mekapu kilichochovywa rangi, halafu nakipangusa kwa karatasi mpaka kinakaribia kukauka, ndio naguzia. Sehemu zingine natumia penseli laini ya 6B peke yake, ile lead yake inang'aa kama chuma kilichosuguliwa na haikosi adabu kama rangi ya silva.

Hesabu hiyo hiyo inagusa rangi yenyewe. Ukishika modeli sentimita 30 kutoka kwa macho, ni kama umesimama mita 21 na kitu kutoka kwa ndege halisi, na kwa umbali huo hewa inapunguza makali ya rangi. Ndio maana kahawia na kijani ya Waingereza vile inatoka kwa chupa huwa nzito sana kwa kitu kidogo, naongeza matone ya rangi ya kitani ama cream, si nyeupe tupu kwa sababu nyeupe hufanya kijani ikae kama ya hospitali. Halafu nikimaliza koti la kwanza naongeza tena kidogo na kupuliza ile sehemu ya juu tu, mgongo na katikati ya mabawa, pale jua la saa sita linapopiga wima. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linapiga mgongo, tumbo halilioni. Nimeona watu wakififisha ndege nzima sawa sawa mpaka chini ya mabawa, sijui hilo jua liliingilia wapi.

Sasa hewa ya hapa. Vitabu vya wazungu vinakuambia ratio ya thina kama vile kila mtu anaishi kwa nyumba yenye baridi. Nakuru mchana kukiwa kavu, rangi ya akriliki inakauka kwa ncha ya eabrashi, kale kabunduki ka kupulizia rangi, kabla haijatoka, unaanza kuona inatema vidonge. Napuliza asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, maana ukiamka unakuja na vumbi yake yote, na naongeza matone ya retada, ile ya kuchelewesha rangi kukauka. Msimu wa mvua shida inageuka, vanishi ya laka ukipuliza jioni unyevu unaingia ndani yake inakuwa na ukungu wa maziwa, kwa hivyo miezi ya mvua vanishi nasubiri saa nne saa tano asubuhi jua likiwa limetoka. Rafiki yangu wa Kisumu ana balaa lake, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, ukiwasha taa tu wamejaa kwa rangi mbichi. Yeye anapulizia ndani ya neti ya mbu, ameitundika juu ya meza, anaingia nayo. Nilicheka mpaka nikaona kazi yake ilivyotoka safi.

Thina ndio muhimu kuliko vyote kwa mtu anayenunua vitu hardware. Ile thina ya standard ya magari inakula plastiki, usiiguse kwa modeli labda ya kuosha eabrashi ikiwa imefunguliwa yote. White spirit ndio yako ya kazi za rangi ya mafuta, haisumbui akriliki iliyokauka vizuri. Parafini inaacha mafuta mafuta, wachana nayo. Na spiriti ya hospitali inatoa akriliki, ni nzuri ukitaka kufuta, ni mbaya ukiisahau karibu na modeli. Mpangilio wangu ni praima, rangi, vanishi ya kung'aa, dekali (vile vibandiko vya alama), washi (rangi ya majimaji ya kuingia kwa mistari), madoa, halafu vanishi ya mati, ile isiyong'aa, na vumbi mwisho. Ile ya kung'aa katikati si urembo. Dekali ikikaa juu ya rangi yenye chembechembe, hewa inabaki chini yake na inaonyesha kioo kioo kingo zote, na washi nayo inahitaji pahali laini ndio itiririke kwa mistari ya paneli yenyewe, ukiguza na ncha ya brashi unaona inakimbia. Kwa mati washi inalowa papo hapo inabaki doa. Dekali zangu zilikuwa na duara zenye rangi ya chungwa katikati mahali Waingereza huweka nyekundu, hiyo ndio alama ya Afrika Kusini wakati ule, na inafanya watu waulize.

Nikija kwa washi, nina ugomvi na dunia nzima. Nyeusi kwa kila mstari wa paneli hapana. Ndege halisi ukiwa mita ishirini hata huoni mistari mingi. Mimi nachanganya kahawia iliyokolea na kijivu, rangi za mafuta za tyubu za wanafunzi wa sanaa, na naiweka kwa mistari ya vitu vinavyofunguka tu, vifuniko vya injini, vya bunduki, na bawaba za mkia. Paneli zilizopigwa rivet na hazifunguki zinapata kijivu hafifu sana ama hazipati kitu. Hiyo rangi ya tyubu naikamua kwa kadibodi na kuiacha usiku mzima, kadibodi inanyonya mafuta ya kitani, ndio asubuhi ikikauka inakuwa mati na haichukui wiki. Kwa kufifisha naweka vitone vidogo vya rangi tofauti, njano chafu, bluu, kahawia, nyeupe, halafu brashi bapa yenye unyevunyevu wa white spirit naivuta mpaka karibu vitone vipotee. Ikibaki unaona wazi kwamba kuna kitu kimewekwa, bado hujamaliza kuvuta.

Kuvuta kwenda wapi ndio swali zuri. Juu ya mabawa unavuta kufuata upepo, mbele kwenda nyuma. Lakini ubavuni maji ya mvua yanashuka ndege ikiwa imeegeshwa, na Hurricane ikiegeshwa inakaa pua juu mkia chini kwa kagurudumu kadogo. Kwa hivyo michirizi ya mvua haishuki wima kwa mwili, inalala kurudi nyuma. Njia rahisi ni kuisimamisha modeli kwa magurudumu yake mezani halafu uvute brashi wima kuelekea meza, pembe inajipata yenyewe. Hii sijaiona ikiandikwa sana na mimi ndio naipenda kuliko zote.

Moshi wa ekzosti nilienda kusomea Salgaa. Kama unajua ile barabara ya kuelekea Eldoret, Salgaa ni pale trela zinapolala, zikienda Malaba na Busia, na nikipita huko sina aibu ya kuchuchumaa kando ya lori nikipiga picha tenki, dereva anaulizwa na turnboy, huyo anatafuta nini? Angalia kifuniko cha tenki la dizeli, chini yake kuna mchirizi ambao unang'aa kwa sababu ni mafuta, vumbi imeshika kando kando yake tu. Angalia mlango wa dereva, rangi imetoka mahali pawili, pale mkono unashika na pale buti inakanyaga, kwingine ni nzima. Hurricane ni hivyo hivyo, rubani alipanda upande wa kushoto, kuna kikanyagio kinachochomoza chini ya mwili nyuma ya bawa, kwa hivyo bawa la kushoto karibu na mwili ndio limechakaa. Ukichakaza kulia sawa na kushoto swali la mzee linarudi, nani alipanda huko? Labda fundi, sawa, basi weka kidogo.

Ila usichukue rangi ya moshi wa lori. Dizeli ni nyeusi tii. Merlin, injini ya Hurricane, ilikuwa inakunywa petroli yenye madini ya risasi ndani, na ikiruka mwendo wa kawaida mchanganyiko ukiwa mwembamba ile alama inabaki kijivu ya kahawia kama jivu, nyeusi inakuja injini ikilishwa mafuta mengi. Nilipuliza kwanza kahawia nyeusi nyembamba sana, karibu yote ni thina, kutoka kwa ekzosti zile tatu za kila upande kurudi juu ya mzizi wa bawa na chini ya kokpiti, halafu juu yake katikati kijivu cha jivu, chembamba zaidi. Ikiwa umeiona wazi kwa mpigo wa kwanza, umeweka nyingi. Chini ya tumbo ndio pa kujiachia, mafuta ya injini yanatoka mbele yanapita radieta ile iliyoning'inia katikati na kuenda mpaka karibu na mkia, hapo rangi ya mafuta nyeusi na kahawia ikiwa na ung'avu wake, siizimi yote kwa mati.

Bunduki nane za Browning, nne kila bawa, zilikuwa zinafunikwa matundu yake na viraka vya kitambaa vyekundu ndio vumbi na baridi visiingie. Zikifyatuliwa viraka vinapasuka. Hapa unachagua hadithi moja. Kama viraka ni vizima, hakuna masizi, ndege haijapiga. Kama umeweka masizi chini ya bawa nyuma ya matundu, viraka viwe vimepasuka. Nimeona kazi nzuri sana, ya mtu anayejua brashi kuliko mimi, ina viraka vizima na masizi juu yake. Mimi nilichagua vizima, kwanza kwa sababu ile nyekundu kidogo inapendeza pale mbele.

Vumbi niliacha mwisho baada ya mati, kwa sababu mati ndio inashika unga. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuchota udongo wa kweli, hata mimi nilichekecha wa hapa na soksi ya nailoni. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi, kijivu kijivu, na hata ukiuchekecha chembe yake kwa 1/72 inakuwa kokoto. Ulinisaidia kwa kulinganisha rangi peke yake, halafu nikasaga chaki za pasteli kwa msasa, kahawia, kijivu na machungwa kidogo kwa sababu ndege yangu ilikuwa inaenda kaskazini si kukaa hapa. Unga huo unaenda kwa magurudumu, kwa tumbo nyuma ya magurudumu, na mbele ya mabawa madogo ya mkia maana propela ndio inarusha vumbi huko ndege ikikimbia kwa kiwanja. Juu ya mabawa kidogo tu pale mafundi walitembea. Vifuniko vya injini niliacha karibu safi, hao mafundi walikuwa wanapangusa na tambara kila siku, na pahali panapopanguswa panang'aa kidogo kuliko penzake, hiyo napata kwa kusugua mati na kidole kikavu.

Huyo wa Kisumu bado tunabishana juu ya kupuliza nyeusi kwa mistari kabla ya rangi kuu. Yeye anasema inaleta uhai, mimi naona inafanya ndege iwe na miraba kama shati, na hatutakubaliana. Saa hii mezani kuna Blenheim, ndege ya mabomu ya Waingereza, na hiyo ni ya nyumbani kabisa kwa sababu hapa Nakuru wakati wa vita kulikuwa na kituo cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, cha kufunza marubani na Blenheim ndio walikuwa wanatumia. Kila kitu nilichosema juu ya ekzosti kinabadilika, injini zake za Mercury zinatoa moshi kwa pete iliyo mbele kabisa ya kifuniko, ile pete inaungua inakuwa kahawia ya shaba yenye bluu kidogo, na moshi unatokea huko kurudi nyuma. Na ndege ya shule inapandwa na wanafunzi, kwa hivyo buti ni nyingi. Nimeshaanza na praima ya tumbo, pete bado najaribu michanganyiko kwa vijiko vya plastiki.